Ringi tu, au injini nzima? Kuifunga upya 3L ya Hilux kongwe

Waalaykum salaam. Kwa wanaoingia sasa hivi: ndugu yetu wa Wete, Pemba, ana Hilux ya zamani yenye injini ya 3L (hilo ni jina la injini ya dizeli ya Toyota, si lita tatu), anabebea nazi na magunia ya karafuu. Asubuhi haiwaki mpaka ibembelezwe, ikipanda mlima inatoa moshi wa buluu, na taa ya oili inakonyeza ukiiachia ingurume bila kukanyaga mafuta. Fundi kamwambia "tutie ringi na beringi, siku mbili inatoka". Anauliza ringi tu zitatosha, au atafute injini ya mtumba.

Jibu langu: usinunue hata gasketi moja kabla bloku (mwili wa injini wenye silinda) na krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) hazijapimwa. Watu wengi hapa kwetu huanza dukani, wakarudi na boksi la spea, ndipo wakafungua injini. Hapo spea ndizo zinazoamua kazi, na kazi haiendi hivyo.

Kwanza hakikisha ugonjwa wenyewe. Injini ikiwa ya moto, chomoa nozeli zote 4 au plagi za kupashia moto, upime kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, kwa geji ya dizeli. Geji ya petroli haifai, mshale wake utafika mwisho. 3L nzima inatoa kama kilo 32 kwa sentimita ya mraba. Ikishuka chini ya 20, au silinda zikipishana kwa zaidi ya 5, injini inataka kufunguliwa. Kisha fungua kifuniko cha oili injini ikinguruma. Pumzi ikitoka kwa kishindo kama mtu anayekohoa, moto unapita kwenye ringi. Moshi wa buluu unaotoka asubuhi tu halafu ukapotea mara nyingi ni sili za valvu, na hizo hazihitaji kuvunja injini yote. Wako unatoka ikivuta mzigo, kwa hiyo ringi na silinda ndio washukiwa. Mweusi ni nozeli au filta ya hewa, usiuchanganye humo. Taa ya oili nayo usiiamini peke yake: funga geji ya kweli mahali pa swichi. Injini ikiwa ya moto isiyokanyagwa, angalau kilo 0.3, ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ipite 2.5. Ukiona chini ya hapo, beringi zimelegea au pampu ya oili imechoka.

Sasa kwa nini "ringi tu" ni pesa inayotupwa baharini. Silinda haiishi sawasawa. Juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia, pana joto kali, oili ni haba na mgandamizo ni mkubwa, kwa hiyo pale huliwa zaidi kuliko chini. Silinda inakuwa pana juu na nyembamba chini, tena inakuwa yai upande mmoja. Ukishaivua hedi (kichwa cha injini kinachofunika silinda), pitisha ukucha kutoka juu kwenda chini ndani ya silinda. Ukucha ukikwama kwenye ngazi ndogo karibu na mdomo, hapo ndipo ringi ya zamani ilipokuwa ikiishia. Ringi mpya ina kona kali, itaigonga ngazi ile kila mzunguko mpaka ivunjike. Isipovunjika, itakuwa inafunguka ikipanda na kubanwa ikishuka, na baada ya miezi michache moshi umerudi na fundi anakwambia ringi zilikuwa feki. Pengine ni feki kweli, lakini hata za kampuni zisingedumu mle.

Kupima ni hivi. Silinda ya 3L ni milimita 96, na pistoni inatembea milimita 96 pia, ndiyo maana injini ikawa cc 2,779. Kila silinda ipimwe mahali patatu, juu, katikati na chini, na kila mahali mara mbili, kwa urefu wa injini na kwa upana wake. Vipimo 6 mara silinda 4 ni namba 24. Viandikwe kwenye karatasi. Fundi akikwambia kwa simu "bloku iko poa", mwambie akupigie picha ya karatasi. Hata silinda moja ikila zaidi ya milimita 0.20 (vipimo vidogo vyote vinavyofuata ni vya milimita), zote 4 zichongwe kwenda saizi ya 0.50, yaani zipanuliwe nusu milimita kwa pistoni kubwa zaidi. Ikishapita hapo, au ikiwa ina mkwaruzo mzito, zinapigwa silivu mpya (bomba la chuma linalokuwa ukuta mpya wa silinda) na kurudishwa 96. Silivu si dhambi ikipigwa na mtu anayejua. Ikipigwa ovyo inashuka, gasketi inavuja.

Krenki vilevile. Kila shingo, pale inapokaa beringi, ipimwe mara mbili kwa pembe mraba, kisha uangalie mikwaruzo. Shingo ikiwa yai, krenki inachongwa 0.25 au 0.50, na beringi zinanunuliwa za saizi hiyohiyo. Saizi huwa imegongwa nyuma ya beringi yenyewe, isome pale. Boksi si ushahidi.

Mashine ya kuchonga nzuri si kila mahali. Wengi wa Pemba hupeleka Unguja, na wengine huvusha mpaka Dar, maana Gerezani na Kariakoo spea na mashine viko karibu. Ukipeleka, mambo matatu. Kofia za beringi kuu zifungwe mahali pake kwenye bloku, kwa sababu zilichongwa pamoja nayo, haziazimani hata kwa namba tofauti za injini moja. Konrodi (mikono inayounga pistoni na krenki) na krenki ziende pamoja. Na kabla ya kupakia Mkoani, paka grisi silinda zote na shingo za krenki, ufunge kwa nailoni. Safari moja ya boti yenye upepo wa chumvi inatosha kuivalisha krenki iliyochongwa kutu ya rangi ya chungwa.

Mpangilio wa kununua ni huu: pima, amua saizi, nunua pistoni, ndipo bloku ichongwe. Pistoni zikabidhiwe kwa mwenye mashine, azipime moja moja, na achonge kila silinda kwa pistoni yake. Pistoni mbili za boksi moja zinaweza kupishana. Anayechonga "fifti" (0.50) kwa mazoea bila kuiona pistoni, mkimbie.

Hedi ipelekwe pia. Ilazwe rula ya chuma iliyonyooka, fila geji (bati jembamba la kupimia mwanya) ya 0.20 ikipita chini yake, hedi imepinda, isawazishwe. Ijazwe maji na ipigwe presha kutafuta nyufa. Mahali pa kutazama kwa jicho kali ni kati ya kiti cha valvu ya kuingiza na ya kutoa, na kuzunguka vikombe vidogo vya mwako. Injini iliyowahi kuchemka ndiko inakopasuka. Valvu zisagwe, sili zake ziwe mpya, basi.

Nikae kidogo kwenye uoshaji, kwa sababu ndio unaoua injini zilizochongwa vizuri. Bloku ikirudi kutoka kwenye mashine ina unga wa mawe ndani ya mistari ya msalaba ambayo mashine huiacha kwenye ukuta wa silinda. Dizeli na petroli haziutoi, zinausukuma ndani zaidi. Chukua maji ya moto, sabuni ya unga na brashi ngumu, sugua kila silinda, kisha fungua vizibo vya njia za oili, upitishe brashi nyembamba ndefu mpaka upande wa pili. Futa silinda kwa kitambaa cheupe kilicholowa oili. Kitambaa kikitoka kijivu, rudia. Ukimaliza, kausha kwa upepo na paka oili papo hapo. Usiseme "niende nikaswali nirudi", kwa hewa yetu ya bahari silinda tupu inaanza kupata kutu kabla hujavaa viatu. Vizibo vya maji vya ubavuni vitoe vyote, tia vipya. Kwa gari za pwani vinaoza kwa ndani, kwa sababu watu hutia rejeta maji ya kisima yenye chumvi.

Kufunga. Krenki ikilala kwenye beringi, vile vipande vya nusu mwezi vinavyoizuia isitembee mbele na nyuma, mifereji yake itazame nje, upande wa krenki. Ukivigeuza, krenki itavila. Pima nafasi ya oili kwa uzi wa plastiki: katia kipande kikavu juu ya shingo, funga kofia kwa nguvu yake kamili bila kuzungusha, fungua, linganisha upana na karatasi yake. Kati ya 0.03 na 0.06 lala usingizi. Ikikaribia 0.10, beringi au uchongaji una kasoro. Kila bolti ikazwe kwa spana ya kupimia nguvu, kwa namba za kitabu cha injini hiyo. "Mkono wangu unajua" ni maneno ya kwenye baraza.

Ringi mpya iingize ndani ya silinda peke yake, isukume kwa kichwa cha pistoni ikae sawa, pima mwanya wa ncha zake. Kwa silinda ya 96, ringi ya juu isiwe chini ya 0.35 hivi. Ncha zikigusana ikipata joto, ringi inakwama na kuchana ukuta. Maandishi ya ringi yatazame juu. Mianya ya ringi tatu isipangane mstari mmoja, wala usiiweke usawa wa pini ya pistoni. Alama ya pistoni itazame mbele, na konrodi uliziandika namba 1 mpaka 4 kabla ya kuzivua. Hukuziandika? Basi pole.

Gasketi ya hedi ndipo mafundi wengi wanapoteleza. Ya 3L haiko moja. Ziko unene wa aina tatu, zenye alama B, D na F, B ikiwa nyembamba na F nene. Inachaguliwa kwa kupima pistoni inatokeza kiasi gani juu ya uso wa bloku ikiwa kileleni, kila pistoni, kwa saa ya kupimia. Chukua ile iliyotokeza zaidi, tazama jedwali la kitabu. Bloku ikisawazishwa uso, pistoni inatokeza zaidi, na gasketi ya zamani haitafaa hata kama ndiyo iliyokuwemo. Nyembamba kupita kiasi, pistoni inagusa hedi. Nene kupita kiasi, kompresheni inashuka na unarudi kwenye ile ile ya asubuhi haiwaki.

Bolti za hedi zikazwe kwa zamu kutoka katikati kwenda pembeni, kwanza zote 78 Nm. Kisha piga nukta ya rangi upande wa mbele wa kila kichwa cha bolti, zungusha nyuzi 90 zote, halafu 90 tena. Nukta zote sasa zitazame nyuma ya injini. Ambayo nukta yake haiko nyuma umeiruka. Bolti hizi hurefuka kidogo kila zikikazwa, kwa hiyo yenye shingo iliyokonda itupwe. Nafasi ya valvu injini ikiwa baridi: kuingiza 0.20 mpaka 0.30, kutoa 0.40 mpaka 0.50, na 3L inarekebishwa kwa vidonge (visahani vya chuma vya unene mbalimbali), haina skrubu.

Belti ya taimingi, rola yake na sili za mbele ziwe mpya hata zikionekana nzuri. Oili ikiigusa belti, imekufa. Ukishaoanisha alama za krenki, kamshafti na pampu ya dizeli, zungusha krenki kwa spana mizunguko miwili kamili, alama zirudi palepale. Ukihisi chuma kimekataa, simama, usilazimishe, hiyo ni valvu inagusa pistoni. Nozeli na pampu zikaangaliwe na fundi wa pampu za dizeli. Nozeli inayodondosha itatoboa pistoni mpya kama mshumaa.

Kuwasha: jaza oili ya kawaida, 15W-40 ya dizeli, si sinthetiki. Chomoa waya wa kuzimia kwenye pampu ya dizeli, piga stata kidogo kidogo mpaka taa ya oili izime. Rudisha waya, piga pampu ya mkono hewa itoke kwenye dizeli, washa. Iache kwenye mizunguko 1,500 kama dakika 20, tazama uvujaji na joto. Usiiache ikinguruma pole saa nzima, ringi hazikai hivyo, zinataka mzigo. Milima ya Chake kwenda Wete inafaa sana: kanyaga nusu kupanda, achia kabisa kuteremka, pikapu ikiwa na mzigo mwepesi. Magunia ya karafuu yasubiri. Oili ya kwanza imwagwe kilomita 500, pamoja na filta, na valvu zipimwe tena kilomita 1,000.

Kuhusu injini ya mtumba: inafaa pale bloku imepasuka au krenki imekatika. Kabla ya kulipa, igeuze kwa mkono, toa sampu (bakuli la oili la chini) utazame kutu na vumbi la chuma, na ukiweza pima kompresheni hapo hapo. Namba yake haitalingana na kadi ya gari, kwa hiyo hesabu na safari ya kurekebisha kadi. Na rejeta, thermostati na pampu ya maji vibadilishwe kwa njia zote mbili, maana 3L nyingi hapa zilikufa kwa joto, si kwa umri. Maji yawe baridi, yasiyo na chumvi, nusu kwa nusu na kulanti, ile dawa ya rejeta.

Ndugu wa Wete, fungua hedi kwanza, pima zile namba 24, uziandike hapa. Tukiziona tutakwambia kama ni 0.50 au silivu.