Baklava yenye harufu ya speculaas: ushauri wangu kutoka jiko la Rotterdam

Wapishi wenzangu, ukitaka kuoanisha vitamu vya Kituruki na vya Kiholanzi kwenye trei moja, amua kwanza nani mwenye nyumba na nani mgeni. Nasema hivi kwa sababu hapa Rotterdam, Uholanzi, ninapoishi nimeshaonja vingi vilivyotiwa kila kitu kwa pamoja: stroopwafel (biskuti bapa ya Kiholanzi yenye karameli katikati) iliyoloweshwa shira, juu yake pistachio, juu yake tena karameli. Sukari juu ya sukari. Ukimaliza kipande unatafuta maji, na ladha ya Uturuki huioni, ya Uholanzi huioni. Ninachopika mimi, na ambacho majirani wa pande zote mbili hukiulizia, ni baklava, yaani kitamu cha Kituruki cha karatasi nyembamba za unga, njugu na shira, kamili kwa umbo na kwa ufundi, ila viungo vyake ni vya speculaas.

Speculaas ni biskuti kavu za viungo ambazo Waholanzi huzila hasa kuelekea jioni ya tarehe 5 Desemba, usiku wa Sinterklaas, mzee anayewaletea watoto zawadi. Na huyo Sinterklaas asili yake ni Mtakatifu Nikolasi, askofu wa Myra katika karne ya 4, na Myra ndiyo Demre ya leo, mkoani Antalya, Uturuki. Waturuki nao walianza kuja Uholanzi kwa wingi kufanya kazi viwandani, hasa baada ya nchi hizi mbili kutiliana saini mkataba wa ajira mwaka 1964. Kwa hiyo ujirani wa vyakula hivi viwili una mizizi, sikuuzua mimi.

Sisi wa pwani tuna faida hapa. Viungo vya speculaas ni mdalasini, karafuu, kungumanga, iliki, tangawizi na pilipili nyeupe, vitu ambavyo tumekua tukivinusa jikoni. Waholanzi walivipata kwa biashara ya kampuni yao ya VOC (Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki), iliyoshika visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo, kwa ajili ya karafuu na visiwa vya Banda kwa ajili ya kungumanga, miaka mingi kabla karafuu haijapandwa Unguja na Pemba. Madukani huku mchanganyiko huu unauzwa tayari kwenye vipakiti, unaitwa speculaaskruiden, lakini nakushauri usage mwenyewe. Mdalasini vijiko 4 vya chai, karafuu kijiko 1, kungumanga kijiko 1, kisha nusu kijiko nusu kijiko cha tangawizi, iliki na pilipili nyeupe. Usiache pilipili nyeupe. Haiwashi kwa kiasi hicho, ila ndiyo inayozuia utamu usikinaishe. Karafuu iwe ya kusagwa siku hiyo hiyo, na usizidishe, maana ikizidi kidogo tu ulimi unakufa ganzi na pishi zima linanuka dawa ya meno.

Sasa yufka, zile karatasi za unga. Kwenye maduka ya Kituruki utakuta aina mbili. Ile ya duara, nene kidogo, ni ya börek, kitafunio cha Kituruki cha kujazwa jibini au nyama. Unayoitaka ni baklavalık, karatasi za mstatili nyembamba kiasi kwamba ukiweka mkono chini yake unaona vidole. Pakiti ya gramu 400 inatosha trei ya sentimita 20 kwa 30. Ukishaifungua, ifunike kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, maana ikipigwa na hewa inakatika katika. Manda za sambusa hazifai hapa, ni nene mno.

Mafuta ni samli, na hapo sina mjadala. Siagi ya Kiholanzi ni nzuri sana, lakini ina maji na chembe za maziwa. Maji yanalegeza yufka, chembe zinaungua na kuacha madoa meusi. Yeyusha siagi gramu 250 kwa moto mdogo, engua povu, mimina ile ya rangi ya dhahabu taratibu na uache masimbi meupe chini ya sufuria. Pata brashi laini na upake kila karatasi, bila kubana.

Njugu nitumiazo ni fındık, yaani hazelnut, kwa sababu zinaelewana na mdalasini na karafuu kuliko pistachio. Uturuki ndiyo inayoongoza duniani kwa kuzilima, nyingi zikitoka Ordu na Giresun kwenye pwani ya Bahari Nyeusi. Pistachio ya Gaziantep naiheshimu mno, na kwa sababu hiyo hiyo siipi viungo vikali vya kuifunika. Chukua gramu 300, kaanga kavu kidogo, kisha twanga kwenye kinu zibaki chenga chenga. Changanya na vijiko 2 vya chai vya viungo vyako na vijiko 2 vya mezani vya sukari ya kahawia. Wapo wanaosaga biskuti za speculaas na kuzitia humu. Mimi siweki, kwani biskuti hunywa shira yote na katikati panakuwa uji mzito.

Panga nusu ya karatasi chini, tandaza njugu zote, funika na nusu iliyobaki. Kata vipande kabla ya kuoka, kisu kifike chini kabisa, vinginevyo shira haitapata njia. Oka kwa nyuzi 170 kwa dakika 40 hadi 45. Usitoe kwa sababu juu pamepata rangi. Inua kona moja kwa kisu utazame chini, pawe pakavu na pa dhahabu.

Shira ipike mapema ili ipoe. Sukari gramu 300, maji mililita 250, ganda la chungwa moja, na vijiko 2 vya mezani vya keukenstroop, ile stroop nyeusi ambayo Waholanzi humwagia chapati zao za maji. Ukiwa nyumbani Afrika Mashariki, sukari guru inafanya kazi hiyo vizuri. Ichemke dakika 10, kamulia nusu ndimu, epua. Baklava ikitoka kwenye oveni iache dakika 5, kisha mwagia shira baridi kwa kijiko, ukifuata mistari ya kisu. Isikilize: ikilia chaaa mpaka kona za trei, umepatia. Ikinyamaza, oveni yako haikuwa na moto wa kutosha.

Hazelnut ni ghali Dar na Mombasa. Tumia korosho, ila zikaange zaidi kidogo maana ni laini na zina utamu wake, na punguza sukari ya kwenye njugu.

Iache wazi kwa muda wa saa 4 au zaidi kabla ya kula. Usiiweke kwenye friji, samli inaganda na utamu unafifia. Mimi huinywea kahawa chungu. Na ukimpelekea mtu, tumia boksi la karatasi. La plastiki lenye kifuniko hufungia unyevu ndani, na kesho yake yufka imelegea.