Sabarimala tarehe 2 Oktoba? Mleta mada, usilipe gari kwanza

Tarehe 2 mpaka 4 Oktoba? Mkuu, hekalu litakuwa limefungwa. Usitume hiyo advansi. Kama umeshatuma, mpigie huyo wakala sasa hivi, salamu utatupa baadaye.

Umeandika kwamba unampeleka mzee Kochi, kule jimbo la Kerala, India, kwa matibabu ya moyo, kwamba mtakuwa na siku tatu za nafasi, na kwamba wakala amekuambia hekalu la Ayyappa, mungu wa Wahindu, kule mlimani Sabarimala "hufunguliwa siku tano za mwanzo wa kila mwezi". Nilipofika hapo damu ilinichemka. Maneno hayohayo niliuziwa na mimi, na ubaya wake ni kwamba ni ya kweli. Hufunguliwa siku tano za mwanzo wa kila mwezi. Mwezi wa nani sasa?

Watu wa Kerala wana kalenda yao, ya Kollam, inayohesabiwa tangu mwaka 825. Ni ya jua, haifuati mwandamo, kwa hiyo miezi yake huanza karibu tarehe zilezile kila mwaka, na tarehe hizo ziko katikati ya miezi yetu hii ya ofisini. Kanni huanza katikati ya Septemba, Tulam katikati ya Oktoba. Tarehe 2 Oktoba wewe utakuwa katikati ya Kanni, mlango ulishafungwa zamani. Ni sawa na mgeni aliyeambiwa Maulidi ya Lamu ni Mfungo Sita, akakata tiketi ya mwezi wa sita!

Mimi nilikwenda mwanzoni mwa Februari. Tulikuwa na mjomba wangu hospitalini, na kwenye nyumba za wageni wanazofikia wagonjwa alikuwapo dalali mmoja, mcheshi, anajua "karibu" na "asante sana", anajua mpaka bei ya nyanya Kariakoo. Akatupigia hesabu: gari, dereva, mafuta, chakula, na kitu alichokiita kibali cha kuingia msituni, karatasi yenye mhuri mzuri kuliko wa cheti changu cha ndoa. Tukalipa yote mkononi. Tukaondoka usiku, tukawa barabarani kwa muda wa zaidi ya saa nne, nusu yake ni kona za milimani na mashamba ya mpira, huku shangazi akitapika kwenye mfuko wa dawa. Tukafika Nilakkal, mahali magari ya mahujaji yanapoegeshwa kabla ya kushuka Pamba, pale unapoanzia kupanda kwa miguu. Uwanja mtupu. Mbwa wawili na mlinzi.

Kule kila anayekwenda kuhiji huitwa Swami, yaani wewe, mimi, tajiri na mchukuzi wote mna jina moja mpaka mtakaposhuka mlimani. Basi hata mlinzi alitufukuza kwa heshima zote: "Swami, pamefungwa." Nikamwonyesha kibali. Akakisoma mbele na nyuma, akamwita mwenzake naye akisome, wakacheka mpaka nikaona nami nicheke, nisije nikalia mbele ya shangazi. Hakuna kibali cha namna hiyo. Nafasi ya kupanda unajiandikisha mwenyewe mtandaoni, na mimi nilipokuja kujiandikisha baadaye sikulipa hata senti. Dalali nilipompigia alinijibu kwa utulivu kwamba yeye alisema mwanzo wa mwezi, hakusema mwezi gani. Nikae naye mezani nimwambie nini mtu kama huyo? Pesa aliyokula ingetosha kumlisha mjomba samaki wa kupaka mpaka apone.

Kwa hiyo, kabla ya gari, kabla ya dereva, kabla hata ya kumwambia mke wako: fungua tovuti rasmi ya Bodi ya Devaswom ya Travancore, ambao ndio wanaoliendesha hekalu, utazame tarehe ya kufungua na ya kufunga. Kwa kawaida hufungua jioni ya mkesha wa mwezi wao. Mtu yeyote akikutajia "mwanzo wa mwezi", mwulize jina la mwezi. Akisema Oktoba, mwache hapohapo. Kuna msimu mkubwa pia, unaoanza katikati ya Novemba mpaka mwishoni mwa Desemba, halafu sherehe ya Makaravilakku katikati ya Januari. Nayo inafuata kalenda hiyohiyo. Januari na mzee wa moyo usithubutu. Mwaka 2011 zaidi ya watu mia moja walikufa kwa kukanyagana Pulmedu, wakirudi kutoka kwenye sherehe hiyo.

Umeuliza kama Mwislamu anaruhusiwa. Anaruhusiwa, dini zote zinapanda. Tena ukifika juu utakuta mahali pa Vavar, Mwislamu anayesimuliwa kuwa rafiki wa Ayyappa, na watu wanaacha hapo pilipili manga. Mahujaji wengi hupita kwanza kwenye msikiti wake kule Erumely. Mimi nilirudi mwezi wao wa Kumbham ulipoingia, katikati ya Februari ileile, nikapanda kwa miguu kutoka Pamba, kilomita kama tano za kupanda tu, ndani ya hifadhi ya simbamarara ya Periyar. Msitu wote ule wanauhesabu kuwa bustani ya Ayyappa mwenyewe. Ila zile ngazi 18 za mbele ya hekalu sikuzikanyaga, na wewe hutazikanyaga. Ni za aliyefunga siku 41 na kubeba irumudi kichwani, kifurushi chenye nazi iliyojazwa samli. Wengine tunazungushwa njia ya pembeni. Dalali wako amekuahidi picha kwenye ngazi hizo, sivyo? Nilijua.

Mke wako umesema ana miaka 34. Mahakama ya Juu ya India ilitamka Septemba 2018 kwamba wanawake wa umri wa miaka 10 hadi 50, waliokuwa wakizuiwa kwa desturi, wasizuiwe tena. Wawili walioingia tarehe 2 Januari 2019 waliingizwa kabla ya alfajiri na polisi, hekalu likafungwa kwa muda litakaswe, na mji na mji ukawaka maandamano. Kesi ikarudishwa mbele ya majaji wengi zaidi. Mimi nisingempeleka, mgonjwa akiwa wodini. Shangazi alipita kwa sababu ana miaka 61, na alifurahi mno kuulizwa umri wake na askari.

Kulikuwa na swali la hoteli, na la mavazi nadhani. Wengine watakujibu. Wewe niandikie hapa: Tulam mwaka huu inaingia tarehe ngapi, na mzee anatoka hospitali lini? Kama bado atakuwa wodini katikati ya Oktoba, sogeza tiketi ya kurudi. Na hiyo advansi, umeituma au bado?