Sahani Kwanza, Bia Baadaye: Ushauri kwa Wahudumu Wapya wa Migahawa ya Bia ya Brussels

Vijana wetu wengi wanaofika Brussels kutoka Bukavu, Goma, Bujumbura au Mombasa huanza kujitafutia riziki katika migahawa, na baadhi yao huangukia katika ile inayosifika kwa bia kuliko kwa kitu kingine chochote. Huko walikotoka, bia karibu zote ni za ukoo mmoja hata chapa zikiwa tofauti: laga ya rangi ya dhahabu, yenye kilevi cha asilimia nne au tano, inayonywewa ikiwa baridi kabisa pamoja na nyama choma au samaki. Siku ya kwanza kazini hukabidhiwa orodha ya vinywaji yenye kurasa nyingi, majina ya Kifaransa na ya Kiholanzi, na asilimia zinazopanda hadi kumi na moja. Wengi hukimbilia kukariri. Nimeifanya kazi hii kwa muda wa kutosha kuwaambia kwamba kukariri peke yake hakumfai mgeni aliyeketi mbele yenu, kwa sababu mgeni haulizi bia fulani imetengenezwa mji gani. Anauliza anywe nini na chakula alichoagiza. Kwa hiyo anzeni na sahani, na mlijue jiko la mgahawa wenu kabla ya kuijua kaunta.

Hata hivyo, zipo koo chache za bia ambazo hamwezi kuzikwepa. Bia ya ngano, kama vile Hoegaarden, ni nyepesi, ina rangi ya ukungu, na hutiwa giligilani na ganda la chungwa. Ilikuwa imekwisha kutoweka katika mji huo mdogo wa Hoegaarden mpaka Pierre Celis alipoifufua mwaka 1966. Dubbel ni ya kahawia, yenye ladha ya sukari iliyoungua na matunda makavu. Tripel ni ya dhahabu na kavu, yaani haina utamu, na nguvu yake imejificha nyuma ya rangi hiyo ya upole. Westmalle Tripel, yenye asilimia 9.5, ndiyo mfano wake mkuu. Saison Dupont ya jimbo la Hainaut ni kavu pia, na harufu yake inakaribia ile ya pilipili manga. Bia nyekundu ya Flanders, ambayo kiwanda cha Rodenbach mjini Roeselare huikomaza katika mapipa makubwa ya mwaloni, ina uchachu unaokaribia ule wa siki. Ama bia za Trapisti, jina hilo halielezi ladha yoyote. Linaeleza kwamba bia imetengenezwa katika eneo la abasia, chini ya usimamizi wa watawa, na kwamba mapato yake hugharimia maisha ya watawa hao na kazi za huruma. Orval ni kavu na chungu. Rochefort ni nyeusi, nzito na tamu. Zote mbili ni za Trapisti. Mgeni akisema anataka Trapisti yoyote, muulizeni swali moja zaidi kabla ya kuondoka mezani.

Ukoo unaostahili muda wenu zaidi ni lambiki, kwa sababu ni wa Brussels na viunga vyake, na ndio unaowashangaza wageni kuliko wote. Bia nyingine hutiwa hamira na mtengenezaji, lakini lambiki haitiwi. Kimea cha shayiri na ngano mbichi huchemshwa pamoja na hopsi zilizozeeka, yaani maua yanayoipa bia uchungu, ambazo bado huhifadhi kinywaji ingawa uchungu wake umepungua, kisha maji hayo ya moto humwagwa jioni katika beseni pana la shaba lililo wazi chini ya paa, yapoe usiku kucha. Hamira na bakteria wa hewani na wa jengo lenyewe huingia humo na kuanza uchachushaji. Kazi hiyo hufanyika katika miezi ya baridi tu, kwa kawaida kati ya Oktoba na Aprili, kwa kuwa joto huleta vijidudu waharibifu. Baada ya hapo lambiki hukaa katika mapipa ya mbao mwaka mmoja, miwili au mitatu. Mchanganyaji huchanganya ya umri tofauti, ile changa ikiwa bado na sukari ya kuchachuka na ile kuukuu ikiwa na kina cha ladha, akaitia katika chupa nene ili ichachuke tena. Hiyo ndiyo gueuze. Lambiki ikilowekwa cheri huwa kriek. Kiwanda cha lambiki cha Cantillon, kilichoanzishwa mwaka 1900 katika mtaa wa Anderlecht, hupokea wageni, na ninawasihi mtumie siku moja ya mapumziko kwenda kuliona beseni lenyewe, maana mhudumu aliyeliona hueleza gueuze kwa namna ambayo aliyesoma tu hawezi.

Kabla ya kuifungua chupa ya gueuze kwa mgeni asiyeijua, mwambieni wazi kwamba ni chachu, ni kavu, na haina utamu wowote. Chupa ya sentilita 75 ikishafunguliwa hairudi kaunta. Kriek nayo inahitaji swali, kwa kuwa ziko zilizotiwa sukari nyingi ambazo hunywewa kama sharubati, na ziko za asili zenye uchachu mkali. Mtu anayetarajia moja akapewa nyingine hukasirika, na ana haki.

Sasa tuje mezani. Kome ni chakula ambacho mtakibeba mara nyingi kuliko vyote kuanzia Julai: chungu cheusi chenye kifuniko, kome waliopikwa kwa mvuke pamoja na seleri, kitunguu na liki, na pembeni sahani ya chipsi zilizokaangwa mara mbili. Nyama ya kome ni tamu kidogo na ina chumvi ya bahari, ilhali chipsi zina mafuta. Bia ya ngano hufuata utamu ule bila kuuzidi, na harufu yake ya chungwa hufanya kazi ya ndimu. Gueuze hufanya zaidi: uchachu na mapovu yake husafisha mafuta ya chipsi ulimini, na kila kome anayefuata huonekana kama wa kwanza. Mimi humpendekezea gueuze mgeni ambaye angeagiza divai nyeupe, na bia ya ngano yule anayekunywa bia ya Kibelgiji kwa mara ya kwanza. Bia nyeusi na nzito sipendekezi kabisa hapa, kwa sababu kome hupotea ndani yake.

Carbonnade, ambayo Waflemi, yaani Wabelgiji wasemao Kiholanzi, huiita stoofvlees, ni nyama ya ng'ombe iliyochemshwa kwa saa kadhaa katika bia ya kahawia na vitunguu vingi. Mpishi hupaka haradali kwenye vipande vya mkate na kuvilaza juu ya nyama, vikayeyuka na kuufanya mchuzi uwe mzito. Angalieni kwamba bia chungu haitumiki katika chungu hicho, kwa kuwa mchuzi unapopungua uchungu wa hopsi hubaki na kujikusanya. Kanuni hiyo hiyo iwaongoze katika glasi: mchuzi mtamu wenye uzito unataka dubbel, inayorudia ladha ya sukari iliyoungua, au bia nyekundu ya Flanders, ambayo uchachu wake hupunguza uzito wa mchuzi. Nikilazimika kuchagua moja, huchagua hii ya pili, hasa sahani ikiwa kubwa, kwa sababu dubbel hushibisha na mgeni huacha nyama nusu.

Hapa kuna jambo ambalo ndugu zetu wageni hawaambiwi na mtu isipokuwa mhudumu anayejali. Bia imo ndani ya mchuzi, na kupika hakuiondoi yote. Familia ya Kiislamu inayokuja kula inaweza kuagiza carbonnade kwa kuona tu kwamba ni nyama ya ng'ombe, au sungura bila kujua kwamba amepikwa kwa gueuze, au endivu za kuoka bila kujua kwamba zimeviringishwa katika nyama ya nguruwe na kufunikwa kwa jibini. Waelezeni kwa sauti ya kawaida, bila kuwadhania na bila kuwaaibisha, kisha mtaje chakula ambacho jiko limewathibitishia kuwa hakina kileo wala nguruwe. Ulizeni jikoni kila siku, kwa maana mpishi anaweza kubadilisha kitoweo pasipo kubadilisha menyu.

Vivyo hivyo kwa mizio. Tangu Desemba 2014 sheria ya Umoja wa Ulaya inautaka mgahawa uweze kumweleza mgeni kuhusu vizio 14 vilivyomo katika chakula. Chukueni kile kisahani kidogo kinachopelekwa pamoja na bia, vipande vya jibini vyenye chumvi ya seleri na haradali pembeni: vizio vitatu vimekaa juu ya sahani ndogo kuliko kiganja, yaani maziwa, seleri na haradali, na bia iliyo kando yake ina shayiri. Msikiweke mezani kwa mazoea kabla ya kuuliza.

Vyakula vingine nitavipitia kwa haraka. Kroketi za uduvi wa Bahari ya Kaskazini zina malai ndani na ganda la kukaangwa nje, kwa hiyo zinataka mapovu mengi na ukavu. Saison Dupont au Duvel, bia ya dhahabu yenye nguvu, zinafaa. Asparaga nyeupe, ambazo msimu wake huishia Juni 24, huletwa na mayai na siagi, na hapo Westmalle Tripel hushinda divai nyingi. Jibini la Orval lifuatane na bia ya Orval. Jibini lenye ukungu wa buluu linahitaji bia nyeusi yenye utamu kama Chimay ya lebo ya buluu, ambayo pia ni ya Trapisti, na keki ya chokoleti haina rafiki mwema kuliko Rochefort 10 au, kwa asiyependa uzito, kriek.

Wenzetu wa nyumbani wakija, wengi huomba pilipili juu ya chochote kile. Wapeni, lakini wasihini wasichukue tripel. Kilevi kingi na uchungu huwasha moto wa pilipili hata ukafunika chakula chote, ilhali bia ya ngano huutuliza.

Kumimina nako ni sehemu ya ladha. Glasi iwe ya bia hiyo hiyo. Mgeni wa Kibelgiji anaweza kuirudisha Orval iliyoletwa katika glasi ya Chimay. Ioshwe isiwe na chembe ya mafuta, kwa kuwa mafuta huua povu, kisha isuuzwe kwa maji baridi na kuachwa na unyevu. Iinamishwe nyuzi 45, bia iteremke taratibu ubavuni, na chupa isiguse povu. Glasi inyooshwe kadiri inavyojaa ili povu lipande lenyewe. Kwa bia iliyochachuka tena chupani, simameni kabla ya tone la mwisho: inueni chupa kwenye mwanga, mtaona mashapo ya hamira yakisogea kuelekea shingoni, na hapo ndipo pa kuacha. Mashapo hayo hayamdhuru mtu, lakini hutia ukungu na uchungu. Bia ya ngano ni kinyume, kwani kwake chupa huzungushwa kidogo mwishoni ili hamira iingie glasini. Bia nyeusi na nzito zisitolewe katika friji ya laga. Kwenye nyuzi 10 hadi 12 za Selsiasi ndipo harufu yake hufunguka.

La mwisho ni nguvu ya bia, na sitaki lichukuliwe kwa wepesi. Chupa ya Rochefort 10 ina sentilita 33 tu, lakini kwa asilimia 11.3 inabeba kilevi kinacholingana na chupa kubwa ya Primus, ile laga ya Kongo na Burundi, ya sentilita 72. Mtu aliyezoea chupa kubwa tatu nyumbani huiona hii kuwa ndogo, huagiza ya pili kabla nyama haijafika, na baada ya ya tatu hawezi tena kuonja chochote. Mpangieni safari yake: nyepesi mwanzoni, chachu katikati, nzito mwishoni na chakula kitamu. Pelekeni maji mapema, mkimwambia kwamba yanalipiwa ili asishangae kwenye bili. Kumbukeni pia kwamba bia haiuzwi kwa mtu aliye chini ya miaka 16, na kwamba kikomo cha dereva nchini Ubelgiji ni gramu 0.5 za kilevi kwa lita ya damu, na 0.2 kwa dereva wa kazi. Mgeni aliyeweka funguo za gari mezani aulizwe mapema nani ataendesha, wakati bado anafurahia swali hilo, kisha huyo dereva aletewe bia isiyo na kilevi katika glasi nzuri na kwa uangalifu uleule wa kumimina.