Mtini wa kwenye ndoo unaodondosha matunda machanga

Matunda yakianguka yakiwa saizi ya gololi huku majani yakiwa mabichi, angalia maji kwanza, dawa baadaye. Ndoo ya lita 20 ikikaa juani hukauka upesi mno. Ukiifurikisha leo kisha ukaisahau siku nne, mti hujipunguzia mzigo. Chomeka kidole: udongo ukiwa mkavu sentimita 3 chini, mwagilia hadi maji yatokee matunduni. Tandaza nyasi kavu juu, zisiguse shina.

Urea na samadi ya kuku acha kwa sasa, zitakupa majani tu. Ikibidi kuhamisha, chombo cha lita 40 hadi 60 kinatosha. Hapo kagua mizizi: ikiwa na vinundu, ni minyoo fundo, vijiminyoo vya udongoni vinavyoshambulia mizizi, wanapenda sana udongo wa kichanga. Tupa udongo huo, uanze upya na kipande cha tawi cha sentimita 20. Vaa glavu unapokata, utomvu ule ukipigwa na jua unababua ngozi.

Lakini kama ni aina ya Smyrna, si Brown Turkey inayozaa bila kuchavushwa, basi bila nyigu wake wa uchavushaji yatadondoka tu hata umwagilie vipi.