Michungwa inakauka kuanzia juu, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo bwana shamba. Michungwa yangu huku Muheza ina miaka 12, matawi ya juu yanakauka, majani ya njano, machungwa yamekuwa madogo kama ndimu na samadi naweka. Shida nini?

JIBU: Marahaba, pole sana. Kabla hujanunua dawa yoyote chimba kidogo chini ya mti, toa vile vimizizi vyembamba uvioshe kwenye ndoo, kama udongo bado umeng'ang'ania na mizizi inaonekana michafu tu hapo shuku minyoo ya mizizi, yaani nematodi. Jike anazamisha kichwa ndani ya mzizi, nyuma anabaki nje anataga mayai kwenye ute, ndo huo ute unashika udongo. Kwa macho humuoni, kwa hiyo peleka mizizi na udongo maabara wahakikishe maana magonjwa mengine yanafanana kabisa. Mti ulioshambuliwa haurudi kama zamani, usaidie kwa samadi iliyooza na maji, na jembe la hapo lioshe kabla hujaenda shamba lingine. Miche ndo inaleta balaa hili! Ukinunua uliza imebebeshwa, yaani imeunganishwa, juu ya shina la mti gani, mlimau unashambuliwa upesi, ile jamii ya majani matatu, trifoliata, inahimili.