Mama alitulea kwa taka za Dandora: je, tulikula haramu?

SWALI: Assalaamu alaykum ustadh. Nilikulia Korogocho, Nairobi, jirani na jaa la Dandora. Mama, Allah amrehemu, alikuwa akiokota chuma na plastiki na kuuza kwa kilo. Malori yakileta mabaki ya chakula cha abiria wa ndege tulikula, nyama yake hatuijui. Siku moja alikuta pete ya dhahabu ndani ya mfuko wa taka, akaiuza akatulipia karo. Sasa ndugu mmoja msikitini ananiambia nimekuzwa kwa haramu. Ni kweli?

JIBU: Wa alaykumu salaam. Ndugu huyo amejitwika fatwa isiyo yake. Kitu alichokitupa mwenyewe kwa kukikinai, mwenye kukiokota ni chake. Chuma na plastiki za mama yako ni chumo halali. Mtume (SAW) amesema kwamba mtu kuchukua kamba yake akabeba kuni mgongoni ni bora kuliko kuombaomba; ameipokea Bukhari.

Kuhusu chakula, wewe ulikuwa mtoto, na kalamu haimwandikii mtoto mpaka abaleghe. Mama yako, ikiwa njaa ilimfikisha pabaya, ana aya ya 173 ya Suratul Baqara, inayomwondolea dhambi aliyelazimika kula kilichoharamishwa. Mimi naona wa kuulizwa ni wengine: mwaka 2007 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa uchunguzi wa watoto 328 wa karibu na jaa hilo, na nusu yao walikuwa na madini ya risasi kupita kiasi katika damu. Hilo halizungumzwi msikitini.

Pete ni mlango mwingine. Hakuna atupaye dhahabu kwa kutaka. Ilipotea, basi ni luqata, yaani mali iliyopotea ikaokotwa. Katika hadithi ya sahaba Zayd bin Khalid, mwokotaji hutangaza mwaka mzima, kisha akikosa mwenyewe huitumia, na akitokea humlipa. Mama hakutangaza, huenda hata hukumu hakuijua. Kutokujua kunamwondolea dhambi, lakini haki ya mwenye pete inabaki, na deni la maiti hulipwa katika alichoacha kabla ya mirathi.

Kama hakuacha kitu, hulazimiki kulipa. Ukitaka kumtua mzigo, kadiria thamani ya pete na, kwa kuwa mwenyewe hajulikani, itoe sadaka kwa niaba ya mwenye pete. Akijitokeza akakataa sadaka hiyo, mlipe, na thawabu zitakuwa zako. Hukuambiwa utoe zote kwa mpigo. Toa kidogokidogo kadiri ya uwezo wako.