Mgane Ambaye Mkewe Yu Hai

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafasiri hadithi ya Kiingereza ya zama za ukoloni nchini India. Mhusika mmoja, ofisa wa serikali ambaye mkewe amekwenda Shimla kukimbia joto, anaitwa “grass widower”. Niliandika “mgane wa majani”, nikamsomea mke wangu, naye akaniuliza kwa huruma kama marehemu aliugua muda mrefu. Nimekosea wapi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa msiba usiokuwapo. Usemi huo, ambao hata Waingereza wenyewe sasa huuona wa kizee, ulianza kwa wanawake, tena ukiwa tusi: katika karne ya 16 ulimtaja mwanamke aliyekaa na mwanamume bila ndoa, kisha akatelekezwa. Wengi huamini kwamba majani yanayotajwa ni ya kulalia, yaani malazi ya kubahatisha, si kitanda cha ndoa. Wajerumani nao humwita mume wa namna hiyo “Strohwitwer”, yaani mgane wa mabua, na ndiyo maana siwaafiki wanaodai kuwa neno la asili lilikuwa “grace”, lenye maana ya hisani. Kwa njia hiyo Mjerumani asingefika kwenye mabua.

Kufikia karne ya 19 tusi lilikuwa limepoa likawa utani, na India ikaupa utani huo makao. Joto lilipopamba moto nyandani, wake na watoto walipelekwa milimani, hasa Shimla, ambako kuanzia 1864 serikali yenyewe ilihamia kila kiangazi, huku waume wengi wakibaki chini na mafaili yao. Wapo wasemao kwamba majani ni yale mabichi ya milimani. Ni hadithi tamu, lakini usemi umeitangulia.

Katika tafsiri yako, liache neno “mgane”. Kwetu mgane amefiwa, na kwa kuwa wengi siku hizi humwita hata mwanamume “mjane”, neno lenyewe litamsimamisha msomaji kabla hajayafikia majani. Pasipo mzaha, andika waziwazi: “mkewe alikuwa Shimla, naye amebaki peke yake.” Pale rafiki zake wanapomtania klabuni, ningeandika “kapera wa msimu”, maana kapera hana kaburi la kuulizia.